Fungu la Shehnaz

Leodegar alikuwa mwana wa Fransis. Fransis alizaliwa na Albano, Albano alizaliwa na Petro, na Petro ndiye aliyeteremka kutoka uwanda wa Newala na tezo begani, akaja kuchonga mpingo Dar es Salaam zama ambazo Kipawa ilikuwa mashamba matupu. Walikuwa watu wa sala na watu wa kazi. Hapakupata kutokea kati yao hata mmoja aliyeitwa barazani kujibu neno la aibu. Kinyago kilichotoka mikononi mwao kikiitwa cha mpingo, kilikuwa cha mpingo. Hawakupata kuupaka mti mweupe rangi ya viatu, wakamwuzia mgeni kwa kiapo. Wachongaji wengine walifanya hivyo, wakajenga nyumba za ghorofa. Petro na wanawe walijenga jina.

Leodegar basi ndiye kijana aliyekuwa ameketi Jumamosi moja alasiri katika chumba cha nyuma cha karakana ya babu yake, hedifoni masikioni, macho yameganda kwenye kioo cha kompyuta, akimwongoza msichana ambaye hakuwapo mbele yake.

"Kuna gari nje yako," alisema kwa sauti ya chini. "Bado lipo nje. Bado… Bado… Njia nyeupe."

Kwa desturi Shehnaz angejibu, "Nimekusikia." Siku ile hakujibu. Katika kioo, gari lao jeupe liliingia kona ya tatu mapema mno, likapanda juu, likaupitia ukuta kwa nafasi ya unene wa kidole.

Gari lile halikuwa la bati wala la chuma. Lilikuwa ndani ya kompyuta, na uwanja ulikuwa ndani ya kompyuta, na wote walioshindana walikuwa wametawanyika duniani, kila mtu chumbani mwake, wakiunganishwa na intaneti. Lakini usukani walioushika ulikuwa wa kweli, nao ulivuta mikono kama gari la kweli linavyovuta. Mbio walizokuwa wakizifanyia mazoezi zilikuwa za saa sita mfululizo, katika uwanja wa mviringo wenye kona nne, zote za kushoto. Asiyejua hucheka akisikia hivyo. Husema, kuna kazi gani kukata kushoto tu? Ajaribu. Tairi za kulia huchakaa kabla ya za kushoto, gari huanza kukataa kupinda, ukuta wa nje humngoja dereva kila kona, na mzunguko hufanana na mzunguko hadi mtu asahau kwamba ana mwili.

Kwa hiyo mbio kama zile haziendeshwi na mtu mmoja. Timu yao ilikuwa ya watu watatu: Leodegar wa Kipawa, Salumu, kijana wa Temeke mwenye maneno mengi, na Shehnaz binti Taiyeb, aliyekuwa akiendesha kutoka nyumbani kwao Mbweni, katika chumba alichokiacha kaka yake Abuzar alipokwenda masomoni ng'ambo. Na ilikuwapo kanuni moja isiyo na msamaha: kila dereva aliyeandikishwa sharti aendeshe fungu lake. Mmoja asipolitimiza, jasho la wote linafutwa.

"Shenu," Leodegar alisema, "unaingia mapema kona ya tatu."

"Naona."

"Kama unaona, mbona unarudia?"

"Nimesema naona, Leo."

"Sista, hizo tairi tumezilea kama kichanga," Salumu alidakia kutoka kwake Temeke. "Usije ukatuulia mtoto."

Alimuua. Mzunguko uliofuata gari lilipanda juu, likausugua ukuta ubavu mzima, likageuka nyuma mbele, likatulia katikati ya njia likifuka moshi. Magari ya wengine yakalipita kulia na kushoto.



"Inna lillahi," Salumu alisema.

"Salumu," Shehnaz alisema, "nenda ukale."

"Nimeshakula."

"Kale tena."

Salumu aliifahamu sauti ile. Akajitoa. Sasa walibaki wawili, na kati yao mji mzima.

Inafaa ielezwe jinsi wawili hawa walivyofika hapo. Abuzar ndiye aliyeagiza kiti cha kuendeshea, akitaka cha mbao na si cha plastiki, naye Leodegar akakichonga kwa mninga, akakipeleka Mbweni mwenyewe. Abuzar alipokuwa akihangaika na nyaya, alitokea dada yake, mtandio wa kijani kichwani, akakiangalia kiti kile kama mtu anayeangalia farasi. Akaketi. Akafumba macho.

"Kinanibana hapa," alisema, akigusa bega. "Umekichonga kwa ajili ya mwanamume."

"Ni cha kaka yako."

"Kaka yangu anaondoka. Atakayekikalia ni mie."

Leodegar alikirudisha Kipawa, akakipunguza upande wa mabega kwa siku kadhaa, polepole, kama mtu asiyetaka kazi iishe. Alipokirudisha na msichana akaketi tena, hakusema asante. Alimtazama tu. Mtazamo ule Leodegar alirudi nao nyumbani, na mpaka siku ile ya mazoezi alikuwa bado hajauweka chini.

Mengine yalifuata kupitia hedifoni. Dereva anapompisha mwenziwe humwambia hali ya gari: tairi ya mbele kulia imechoka, mafuta yapo, jihadhari na kona ya nne. Miezi ilivyokwenda, taarifa zile zilianza kuongezewa neno moja mwishoni. Tairi imechoka, na dereva naye amechoka kukungoja. Mafuta yapo, ila usingizi sina. Hawakupata kukaa peke yao hata siku moja. Walijengeana nyumba nzima kwa sauti, kila siku tofali.

"Nini kimekusibu?" Leodegar aliuliza sasa.

"Siku ya mbio siendeshi."

Alidhani hakusikia vizuri. "Umesemaje?"

"Jumamosi uliyotuandikisha siendeshi. Umeitazama ile siku, Leo?"

"Nimeitazama kuliko unavyofikiri. Si Kwaresima. Hakuna ubatizo kwetu wala harusi. Waandaaji walitupa Jumamosi mbili tuchague moja. Ya pili inaangukia mwisho wa maonyesho ya Sabasaba, wakati wateja wanaorudi kuchukua vinyago walivyoagiza ndio wanafika, na babu ananihitaji bandani. Kwa hiyo nikachukua ya kwanza. Nimekosea wapi?"

"Ulimwuliza nani?"

"Salumu. Akasema poa."

"Salumu ndiye mie?"

Leodegar akaifungua tena kalenda kwenye kioo.

"Mwezi unaandama wiki hii," Shehnaz alisema taratibu, kama anayemsomea mtoto. "Ukiandama ni Muharram. Jumamosi yako ni tarehe tisa. Siku inayofuata ni Ashura. Siku kumi zile sie tunavaa nyeusi. Nashinda imambara, nyumba yetu ya maombolezo, na mama, tunarudi macho yamevimba. Nyumbani haifunguliwi hata redio. Tangu nabebwa mgongoni ni hivyo. Na wewe unataka siku ile niketi, nishindane, nipige kelele kwa sababu nimempita mtu?"

"Sikujua."

"Najua hukujua. Ndicho kinachoniuma."

"Hukuniambia, Shenu."

"Hukuuliza. Mie najua kwamba Ijumaa Kuu hamli nyama. Najua Novemba mnakwenda kusafisha kaburi la Petro, na kwamba babu yako hukataa maua ya plastiki. Najua jina la parokia yenu. Unadhani niliyaokota barabarani? Nilikuuliza, moja baada ya moja."

Ndege ilipita juu ya Kipawa ikishuka kiwanjani, mngurumo wake ukajaza chumba. Wakazi wa pale wamezoea. Hukata maneno, hungoja, kisha huendelea walipoachia. Leodegar alishukuru kwa mngurumo ule. Ulimpa nafasi ya kufikiri, na kwa bahati mbaya alifikiri vibaya.

Kwa maana Salumu alirudi wakati uleule, mdomo umejaa.

"Jamani, mmeshapatana?"

"Shehnaz hawezi kuendesha siku ile," Leodegar alimweleza. "Ni siku zao za maombolezo."

"Astaghafiru, kweli! Ashura! Sie tunafungaga siku zile, na mie nikasema poa. Kichwa changu hiki!" Akatafuna kidogo. "Lakini ishu ndogo hiyo, braza. Sista anipe neno la siri la akaunti yake. Mie nakaa, naendesha fungu lake kwa jina lake. Nani atajua? Kompyuta haioni sura."

Leodegar angeweza kumkemea. Damu ya Petro ilikuwamo mwilini mwake, nayo ilimchoma kidogo. Lakini aliziona saa zote za mazoezi, akaiona timu ikifutwa, akaona njia ya mkato imelala mbele yake imenyooka. Akasema maneno ambayo angetamani kuyameza.

"Si wazo baya, Shenu. Ingekupunguzia wewe mzigo. Jina lako lingebaki, tungemaliza wote watatu."



"Salumu," Shehnaz alisema.

"Naelewa, naelewa. Nakwenda kula mara ya tatu." Akatoweka.

"Rudia, Leo. Nataka nisikie tena."

"Nilisema tu kwamba…"

"Jina langu liende bila mie. Jina langu likashangilie mkesha wa Ashura, na mwenye jina amekaa imambara analia. Wewe ndiye uliyeniambia mnavyowafukuza wachuuzi wanaotaka mti mweupe upakwe kiwi ya viatu uitwe mpingo. Uliniambia kwa majivuno. Nilikupenda siku ile. Unasikia? Siku ile hasa."

Leodegar alishika usukani kwa mikono miwili ingawa hapakuwa na gari la kuendesha.

"Nimekosa," alisema.

"Ngoja, sijamaliza. Nyumbani kwetu unaingia kwa jina gani?"

"Kivipi?"

"Mara ya mwisho ulipokuja kukaza kiti. Ulibonyeza kengele ya geti, baba akauliza nani. Ulijibu nini?"

Aliikumbuka siku ile. Jua lilikuwa kali, na sauti ya mzee katika kile kispika cha getini ilikuwa nzito. "Nilijibu… fundi."

"Fundi. Mie nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia juu pale, moyo unanidunda kama mwizi. Nilijiambia, leo atasema jina lake. Hata jina tu. Ukasema fundi. Ukala kachori za mama, ukasifu pilipili, ukaondoka fundi."

"Ningesema nini, Shehnaz? Mie Mkristo, mtoto wa mchonga vinyago. Baba yako angenifungia geti."

"Labda angekufungia. Lakini angekuwa amemfungia Leodegar." Sauti yake ilikatika, akaiunga. "Sikiliza nikwambie lingine, kwa sababu sitaki ulisikie kwa watu. Baba ameongea na baba yake Baqir, wale wa duka la vioo. Muharram na Safar kwetu haposwi mtu. Miezi hiyo ikiisha, wanakuja."

Chumba kilimzunguka Leodegar kushoto, kushoto, kushoto.

"Na wewe umesemaje?"

"Sijaulizwa bado. Nikiulizwa nina la kusema, lakini nitalisema juu ya nani? Baba akiniuliza, kuna mwingine? Nijibu nini? Hakuna mwingine, Leo. Kuna fundi."

"Usiseme hivyo."

"Na kuhusu mbio, fungu langu naendesha mwenyewe au haliendeshwi. Baada ya Ashura naweza kuketi, niendeshe kimya, bila shangwe. Baba hukubali mambo madogo. Kabla ya hapo, hapana. Chagua unavyotaka. Umezoea kuchagua bila mie."

Jina lake kwenye kioo, lililokuwa la kijani, likageuka kijivu.

Leodegar alivua hedifoni. Kwa muda alisikia tu tezo ya babu yake huko mbele, kisha akasikia tezo imesimama na sauti ya mzee imepanda. Akatoka.

Mlangoni mwa karakana alikuwapo mchuuzi mmoja na gunia la vinyago vyeupe, sura za kizee na twiga, vikingoja kusafirishwa hadi Sabasaba. Mkononi alikuwa na kopo la rangi ya viatu, jipya, halijafunguliwa.

"Mzee Albano, ni kupaka tu. Mie ndiye nitakayeuza, wewe hutakuwapo."

"Nitakuwapo," Mzee Albano alijibu. "Watu wanajua mkono wangu. Ukiuza uongo uliopita mikononi mwangu, mimi ndiye ninayesema uongo, hata nikiwa nimelala. Beba mzigo wako."

"Wazungu hawajui tofauti, mzee wangu."

"Mimi naijua. Beba."

Mchuuzi alibeba, akitia kopo mfukoni kwa hasira. Leodegar alimtazama akivuka barabara, na aibu ikampanda toka nyayoni. Alikuwa amesimama upande wa mtu yule dakika chache tu zilizopita, tena mbele ya msichana aliyempenda kwa sababu hakuwa wa upande huo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Tangu mchana nakusikia ukigombana na ukuta."

"Babu, naomba ruhusa. Jumamosi ya mwisho wa Sabasaba sitakuwapo bandani."

"Kwa sababu ya mchezo ule?"

"Kwa sababu ya mtu niliyemkosea. Nilimpangia siku bila kumwuliza, nikaipanga katika siku za msiba wa dini yake. Nikataka na jina lake litumike bila yeye."

Mzee Albano aliiweka chini tezo. Alikuwa mtu mrefu, mgongo ungali umenyooka, kola imefungwa kifungo hata penye vumbi la mbao.

"Mtu gani?"

"Shehnaz, babu. Binti Taiyeb, wa Mbweni."

"Taiyeb mwenye duka la mabati? Uliyempelekea kiti?"

"Huyo."

"Mtu wa imani nyingine."

"Ndiyo, babu."

"Na moyo wako umefika wapi?"

Leodegar hakuinamisha kichwa. "Umeshafika, babu. Haurudi."

"Baba yake anajua?"

"Ananijua kwa jina la fundi."

Mzee alipangusa vumbi la mbao mikononi. Kisha akauliza, kama padri anayeanza katekisimu, "Jina lako nani?"

"Leodegar."

"Wa nani?"

"Wa Fransis."

"Endelea."

"Wa Albano. Wa Petro."

"Hilo ulipewa bure. Hukulitolea jasho. Wewe ulilificha getini kwa mtu, ukala chakula chake, ukamwangalia mwanawe. Unaona haya kwa lipi? Kwa Petro? Petro alikuosha uso wewe ukiwa kichanga kwa maji ya mvua, kwa sababu bomba lilikuwa kavu siku ya ubatizo wako. Unamwonea haya Petro?"

"Hapana, babu!" Macho yalimlowa kijana. "Niliogopa."

"Kuogopa nakuelewa." Mzee akaishika tena tezo. "Nisikilize sasa. Sikutumi kwa Taiyeb. Msimamo wangu juu ya ndoa ya imani mbili unaujua, na mimi sigeuzwi na machozi. Usije ukasema babu amekubali, babu hajakubali. Lakini kwenda kusema kweli sikukatazi. Banda nitalikalia mwenyewe."

Jioni ile Leodegar alianza kubadili siku ya mbio. Alimpigia Salumu kwanza, safari hii akimwuliza na kungoja jibu kamili.

"Siku ile nina harusi ya binamu, braza," Salumu alinung'unika. "Pilau, singeli, kila kitu."

"Basi tutatafuta njia nyingine. Sitaki nikulazimishe."

"Ah, wewe! Umeanza lini adabu? Nitaendesha fungu la kwanza, nikimaliza nakimbilia pilau. Poa. Lakini sista amekubali?"

"Bado. Namtumia sasa ombi la siku mpya, kwenye ujumbe wa timu. Asipolikubali, timu imekufa."

"Na asipolikubali, wewe?"



Kulikucha Jumapili na ombi lilikuwa halijajibiwa. Alikwenda misa, akaomba bila kujua aombe nini. Kisha akachukua bodaboda mpaka Mbweni, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi ile ile aliyoitazama jana kwa chuki, nayo ikawa imerudi mahali pake halali. Njia nzima alitunga maneno, na kila tuta lilimwangushia sentensi moja. Alipofika, alibaki na jina lake tu.

Geti lilikuwa la kijivu, refu. Juu yake kamera ndogo, pembeni kengele na kispika. Aliinua macho. Pazia la chumba cha juu lilikuwa limefungwa. Akabonyeza.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Mzee Taiyeb mwenyewe. Kisha kabla hajajibu, "Aa, ni wewe, fundi! Leo hatuna kazi, bwana. Kiti kizima."

Hapo ingekuwa rahisi sana kusema samahani na kuondoka. Mtu amekwisha kukupa jina, jina dogo, lisilo na kesi. Leodegar akasogeza mdomo karibu na kispika.

"Shikamoo, mzee. Sikuja kwa kazi."

"Marahaba. Umekuja kwa nini, basi?"

"Mimi naitwa Leodegar, mwana wa Fransis, mjukuu wa Albano, kitukuu cha Petro, wachongaji wa Kipawa. Nimekuja kukueleza jambo nililopaswa kukueleza mara ya mwisho nilipovuka geti hili."

Kispika kilikoroma. Kunguru walilia juu ya ukuta wa jirani.

"Jambo hilo linamhusu nani?"

"Linamhusu Shehnaz, mzee."

 Kwa mbali, ndani ya nyumba, sauti ya mwanamke iliuliza, "Nani huyo?"

"Fund…" Mzee Taiyeb alianza, akaacha. "Kijana mmoja. Anaitwa Leodegar."

Huko juu pazia lilitikisika. Halikufunguka, lilitikisika tu.

"Wewe ulikula kwangu," sauti ilirudi, imeshuka, nzito kuliko kwanza. "Mke wangu alikupikia kachori."

"Nilikula, mzee."

"Ukiwa na jambo hilo moyoni?"

"Nikiwa nalo. Ndiyo maana nimerudi."

"Unajua kwamba mimi nina neno na watu wengine kuhusu binti huyo?"

"Najua, mzee."

"Na unajua sisi ni nani, na ninyi ni nani?"

"Najua. Babu yangu pia anajua, na hakunituma. Nimejituma mwenyewe."

Simu ilitetemeka mfukoni mwake. Hakuitoa, mtu haangalii simu mbele ya mzee anayemsemesha. Lakini ilitetemeka mtetemo mfupi, ule wa ujumbe wa timu, nao moyo wake ukajua kabla ya macho kwamba nyuma ya lile pazia kulikuwa na mtu aliyekubali kuendesha fungu lake.

Kufuli la geti likalia.

"Ingia," Mzee Taiyeb alisema. "Na usikae kwenye kiti chochote mpaka nikwambie."

Leodegar akasukuma geti, akaingia, mikono yake mitupu, jina lake zima.

Ninyi vijana mnaopendana kwa sauti bila kuonana, wekeni masikio hapa. Sikuwasimulia haya mpitishe muda. Msimpangie mtu siku kabla hamjazijua siku anazolia na siku anazocheka. Mwulizeni mwenyewe, msimwulize rafiki yenu. Na mkisimama getini kwa baba wa mtu, mkaulizwa nani, jibuni kwa jina mlilopewa na waliowazaa, hata kama ni jina la kufungiwa geti. Siwaombi. Nawataka mtii.